Penseli na Kamera Newala

Mwalimu wa upigaji picha anayenunua vitabu vya mitumba ili awaoneshe wanafunzi wake hupata hazina, lakini na mtihani pia. Mfano ni Negerleben in Ostafrika cha Karl Weule, kilichochapwa Leipzig mwaka 1908. Weule alipiga picha Masasi na Newala mwaka 1906, mwaka uleule misheni ya Ndanda ilipoanzishwa, vumbi la Vita vya Maji Maji halijatulia. Picha hizo zina ustadi, ila aliyepigwa hana kauli. Hata hivyo, Weule aligawa pia karatasi na penseli, na michoro ya wenyeji imo kitabuni. Somo na lianzie hapo: waliotazamwa nao walitazama. Kamera ifuate baadaye.