Sikio Halipimi Volti

Televisheni za valvu zilizoundwa Marekani miaka ya 1950 bado zina wapenzi wake, na wengi wao huhukumu matengenezo kwa sikio: spika ikitoa sauti bila mkwaruzo, fundi amefuzu. Kipimo hicho hakitoshi. Ubora wa kazi katika sehemu ya sauti umo kwenye volti, na hasa kwenye uwezo wa fundi kusoma tofauti ya volti baina ya ncha mbili, badala ya kukariri tarakimu za kwenye mchoro.

Chukua 6AQ5, valvu iliyotumika sana kuendesha spika. Anodi ikiwa na volti 250, gridi hutakiwa kuwa chini ya kathodi kwa volti 12.5, na anodi hupitisha miliampea 45 hivi. Hiyo ni zaidi ya wati 11, na kikomo cha anodi ni 12. Kapasita ya karatasi na nta inayopokea sauti kutoka hatua ya nyuma ikivuja hata kidogo, gridi hupanda, mkondo huzidi, valvu huchemka, na transfoma ya spika huwa hatarini kuungua, huku msikilizaji hajagundua lolote. Fundi makini hupima volti kwenye rezista ya kathodi, akazigawa kwa omu zake, akaujua mkondo. Akikuta gridi ina volti chanya, huchomoa valvu: volti ikibaki, kapasita inavuja, ikitoweka, valvu yenyewe ni mbovu. Lakini katika seti ambazo nyuzi za joto za valvu zimeungwa kwa mfululizo, kuchomoa moja huzima zote. Hapo hung'oa mguu wa kapasita ulio upande wa gridi na kuupima peke yake.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye seti ambazo waundaji wake, kwa kubana gharama, waliifanya valvu ya sauti kuwa pia njia ya umeme wa sehemu nyingine. Mkondo unaotoka kwenye kathodi yake hulisha hatua za masafa ya kati, ambamo picha hupita, kwa volti 130 au zaidi kidogo, na gridi nayo husimama juu ya mia. Aliyekariri kwamba gridi lazima isome sifuri dhidi ya chesisi ataibadilisha kapasita isiyo na kosa. Aliyeelewa huweka waya mmoja wa mita kwenye gridi na mwingine kwenye kathodi, akaona tofauti ndogo inayostahili. Huyo ndiye pia atakayeikagua valvu ya sauti mteja anapolalamika kwamba picha imefifia.

Wapo wanaosema: badilisha kapasita zote za karatasi, mambo yaishe. Kuzibadilisha ni sahihi, kwa kuwa umri umeshazila. Lakini rezista za kaboni nazo hupanda thamani kwa miaka, na kapasita mpya haiziponyi. Wengine huuliza kwa nini tusifuate tu volti za mchoro. Tuzifuate, tukijua zilivyopatikana. Michoro ya Photofact, iliyoanza kuchapishwa na Howard W. Sams mwaka 1946, ilipimwa kwa umeme wa volti 117, na nyumba za Marekani leo hupata 120 hivi. Rezista zenyewe ziliruhusiwa kupotoka asilimia 10 au 20. Tena mita inaweza kusema uongo: gridi ya 6AV6, valvu nyingine ya sehemu ya sauti, mara nyingi hutegemea rezista ya megaomu 10, na mita ya omu 20,000 kwa kila volti, ikiwekwa kwenye kipimo cha volti 3, ina omu 60,000 tu. Inaizima volti ile ile inayoitafuta.

Basi unapokabidhiwa seti iliyotengenezwa, iache iwake hadi ipate joto, uisikilize, kisha uombe vipimo vilivyoandikwa: anodi, kathodi, gridi ya pili, na gridi dhidi ya kathodi, pamoja na volti za umeme wa nyumba siku hiyo. Usijipimie mwenyewe, maana baadhi ya seti hizi zina chesisi iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Fundi asiye na vipimo hivyo amekurudishia sauti. Hajakuonyesha kwamba itadumu.