Tembo Anayeogeshwa Mara Tatu

Mjini Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, mgeni hapiti mtaa wa watalii bila kukutana na picha ya tembo. Ofisi za safari hupanga vipeperushi vyao mlangoni, na karibu vyote husema maneno yale yale: hapa hakuna kupanda, hakuna kulabu, hakuna minyororo, haya ni makimbilio ya tembo yanayofuata maadili. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisemi kwamba vituo hivyo vyote ni vibaya. Lakini neno linalotembezwa kiasi hicho lastahili kufunguliwa, tuone ndani yake mna nini.

Tuanze kwa haki. Kwa vizazi vingi tembo wa nchi ile walikuwa wakikokota magogo msituni. Mwezi Novemba 1988 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua mamia ya watu kusini mwa nchi, lawama ikaangukia ukataji wa miti, na mwezi Januari 1989 serikali ikapiga marufuku biashara ya magogo katika misitu ya asili. Msitu ulipata nafuu. Tembo na wachungaji wao wakakosa kazi. Mnyama anayekula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku hawezi kuwekwa bure. Wengine wakaingizwa Bangkok kuombaomba barabarani, wengine wakafundishwa kucheza mpira na kuchora picha, wengi wakafungwa viti mgongoni ili wabebe wageni. Sheria haikuwa na pingamizi, kwani tangu mwaka 1939 tembo anayefugwa huhesabiwa kuwa mnyama wa kazi, sawa na farasi, ng'ombe na punda.

Ndipo wakatokea watu kama Bibi Sangduen Chailert, maarufu kwa jina la Lek, aliyeanzisha Elephant Nature Park katika miaka ya 1990. Yeye na wenzake waliieleza dunia jinsi tembo mchanga anavyovunjwa moyo: hutengwa na mama yake, hubanwa katika kizimba chembamba, hupigwa na kunyimwa usingizi mpaka akubali amri ya mtu. Aliyeyajua hayo hapandi tena mgongo wa tembo kwa furaha. Huo ni ushindi, na hauna budi kuheshimiwa.

Ila biashara ni hodari wa kujifunza. Kituo nilichokizuru mimi, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimetii kila neno la kipeperushi chake. Viti havikuwapo, wala kulabu. Tulipewa ndizi tukawalisha tembo, kisha wageni wakawapaka matope, kisha wakashuka nao mtoni kuwaogesha huku mpiga picha akiwazunguka. Mimi nilibaki ukingoni nikitazama. Kundi letu lilikuwa la tatu siku hiyo, na tembo walikuwa wale wale. Sasa niulize: tembo gani porini huoga mara tatu kwa siku, kwa saa iliyopangwa ofisini? Tembo hujua kuoga. Mungu alimpa mkonga kwa kazi hiyo na nyinginezo. Anayehitaji ile bafu ni mgeni.

Tena nilimwona mchungaji akitamka neno moja tu, kwa sauti ya chini, na tembo akalala majini. Wageni wakashangilia upole wake. Lakini utii wa namna hiyo hauzaliwi na mnyama. Yupo aliyemvunja kabla hajafika pale, na kuogeshwa na wageni kunaendelea kula matunda ya kazi ile ile inayolaaniwa kwenye kipeperushi. Na hatari nayo haikuondoka pamoja na kiti. Mwezi Januari 2025, katika kisiwa cha Koh Yao Yai, mtalii wa Kihispania aliuawa na tembo aliyekuwa akimwogesha.

Yuko pia mtu anayesahauliwa katika hadithi hii, naye ni mchungaji mwenyewe. Wengi wao kule kaskazini ni Wakaren kutoka vijiji vya milimani. Katika masimulizi ya makimbilio, mchungaji ama hatajwi kabisa ama ni yule mkatili wa zamani. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona na fedha za wageni zikakatika, tembo wengi walitembezwa kwa miguu kurudi kwenye vijiji hivyo, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na majani na watu wa kuwachunga. Huruma iliyoandikwa kwenye tiketi ilisimama tiketi ziliposimama. Mwenye tembo hakuwa na pa kusimama.

Nitajibiwa: bila tiketi, nani atawalisha tembo zaidi ya 3,000 wanaofugwa Thailand? Hoja hiyo ni nzito. Wengi hawana msitu wa kurudi. Lakini kulipa si lazima kuandamane na kushika. Nairobi, katika kituo cha tembo yatima kilichoanzishwa na Daphne Sheldrick mwaka 1977, wageni wa kawaida hupewa saa moja kwa siku nao husimama nyuma ya kamba, maana watoto wale wanaandaliwa kurudi porini Tsavo. Watu hulipa, na hulipa kila siku. Hata Thailand vipo vituo, ingawa vichache, ambavyo mgeni hukaa barazani akatazama tembo wakila na kutembea kwa hiari yao, basi.

Shirika la World Animal Protection lilichunguza tembo karibu 3,000 wa utalii barani Asia, na mwaka 2017 likatangaza kuwa zaidi ya robo tatu yao waliishi katika hali mbaya. Kwa hiyo nampa msomaji atakayesafiri kipimo kimoja. Asiulize kituo kimewakataza nini watu wa zamani, wale wenye viti na kulabu. Aulize kinamkataza nini yeye. Kama jibu ni kwamba hakatazwi kitu, ajue kwamba pale yeye ndiye anayetunzwa, na tembo yumo kazini.