Wajibu au Makisio? Tazama Kinachofuata Baada ya "must"

Chukua sentensi mbili za Kiingereza ambazo mwalimu yeyote wa Kasongo au Kabambare, huku kwetu Maniema nchini Kongo, anaweza kuziandika ubaoni. Ya kwanza: "The vaccine must be in Lusangi by Friday." Ya pili: "The vaccine must be in Lusangi by now." Kitenzi kisaidizi ni kilekile, mahali ni palepale, hata kihusishi "by" hakikubadilika. Hata hivyo ya kwanza ni agizo: chanjo iwe imefika Lusangi kabla Ijumaa haijapita, na asiyeifikisha ataulizwa. Ya pili haimwagizi mtu chochote. Msemaji anapiga hesabu tu: pikipiki iliondoka alfajiri, mvua haikunyesha, basi saa hizi chanjo itakuwa imeshafika.

Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba "must" ni "lazima" atazisoma zote mbili kama agizo. Amefanya kama alivyofundishwa. Orodha ya vitenzi visaidizi, kila kimoja na tafsiri yake pembeni, imekaa kwenye madaftari yetu miaka mingi, na orodha hiyo haimwonyeshi mwanafunzi kwamba maana huamuliwa na kirai kinachofuata.

Tuanze na mahali. Kwa Kiswahili, kazi ya kuonyesha mwelekeo hufanywa na kitenzi. Mtu wa Kasongo husema "niko ku soko", "naenda ku soko", "natoka ku soko". "Ku" ni ileile mara tatu. Kukaa, kwenda na kutoka kumebebwa na kitenzi. Kiswahili sanifu nacho hufanya hivyo kwa "sokoni". Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa vihusishi: "at the market", "to the market", "from the market". Ndiyo maana wanafunzi wetu huandika "she must be to the market" au "she must go at the market". Wanatumia kihusishi kama wanavyotumia "ku", wakitumaini kitenzi kitamaliza kazi.

Jinsi kihusishi cha Kiingereza kilivyo na nguvu huonekana ukirudi nyuma. Katika Kiingereza cha enzi za Shakespeare, mtu aliweza kusema "I must to Kasongo" bila kitenzi cha kwenda, na akaeleweka. "To" peke yake ilitosha kubeba safari nzima. Wajerumani husema hivyo mpaka leo: "Ich muss nach Hause", yaani inanibidi kwenda nyumbani, na neno la kwenda halimo. Kiingereza cha sasa kimerudisha kitenzi, lakini "to" haijapoteza uzito wake. Msomaji akiona "must" kisha "to" ya mahali, anajua kuna mwendo, na penye mwendo wajibu hutangulia: "She must go to Kabambare." Akiona "must be" kisha "in" au "at", mlango wa makisio unafunguka: "She must be in Kabambare." Hapo msemaji anaweza kuwa anaagiza au anakisia, na mahali peke yake hapaamui.

Kinachoamua ni kirai cha wakati. "By Friday", "on Monday" au "before the meeting", zikitaja wakati ambao haujafika, huvuta sentensi kwenye wajibu. "By now" na "at this hour" huivuta kwenye makisio. Kiswahili chetu kina utata huohuo: "Lazima awe Kabambare" ina pande mbili mpaka uongeze "kufikia Ijumaa" au "saa hizi". Bahati nzuri tuna njia nyingine ya kukisia, nayo ni wakati ujao: "Atakuwa Kabambare saa hizi." Kiingereza kinayo pia. Mlango ukibishwa, na aliye ndani akasema "That will be the nurse", hatabiri kitu. Anakisia kilichopo nje ya mlango sasa hivi. Mwalimu anayetaka kufundisha "must" ya makisio aanzie kwenye "atakuwa", kwa sababu mwanafunzi ameshaitumia tangu utotoni.

Kwa nini makisio yapewe uzito? Kwa sababu ndivyo wenye lugha wanavyosema. Mwaka 1999 Douglas Biber na wenzake walichapisha sarufi kubwa ya Kiingereza iliyojengwa juu ya hazina ya maneno milioni 40, yaliyosemwa na yaliyoandikwa. Walionyesha kwamba katika mazungumzo "must" hutumika zaidi kwa makisio, huku wajibu wa kila siku ukibebwa na "have to". Geoffrey Leech, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa sarufi hiyo, alilinganisha maandishi ya mwaka 1961 na ya mwaka 1991, akakuta vitenzi visaidizi vya aina hii vimepungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, na "must" ni kati ya vilivyopungua zaidi. Mwanafunzi anayefundishwa "must" ya amri peke yake anafundishwa upande ambao katika mazungumzo ndio mdogo.

Sasa turudi kwenye "by", kwa maana hapa kosa lina gharama. "Mpaka Ijumaa" kwa Kiswahili, na "jusqu'à vendredi" kwa Kifaransa ambacho ndicho lugha ya masomo yetu ya sekondari, humvuta mwanafunzi kwenye "until". Akiandika "You must be in Lusangi until Friday", amemwambia mwenzake akae Lusangi, asiondoke kabla ya Ijumaa. Alichokusudia ni "by Friday": fika siku yoyote, ila Ijumaa isipite. Njia rahisi ya kuvitenga ni kutumia "kufikia" kwa "by" na "mpaka" kwa "until". Kirai kimoja kinataka kitendo kitimie, kingine kinataka hali iendelee. Kwa hiyo "submit" hupenda "by" na "stay" hupenda "until", na kitenzi kisaidizi hapo kati hakiwezi kurekebisha kihusishi kilichokosewa.

"Can" na "may" nazo hutengwa na kirai cha wakati. "The road can be bad in the rainy season" husema tabia ya barabara: kuna nyakati huwa mbaya. Kiswahili sanifu kina "huwa mbaya wakati wa mvua", na kwetu Maniema tunasema "inakuwaka mbaya". "The road may be bad on Friday" husema siku moja isiyojulikana itakuwaje: "huenda barabara ikawa mbaya Ijumaa". Ukikisia juu ya siku maalumu, tumia "may" au "might". "Can" iache ishike msimu, desturi na mambo yanayorudiarudia.

Kikanushi ndicho kinachowatega wengi. "He can't be at the market at this hour" ni makisio, na Kiswahili kinaenda nacho sambamba: "Hawezi kuwa sokoni saa hizi." "He must not be at the market on Monday" ni katazo: asiwepo. "He need not be at the market" ni "si lazima awe sokoni". Akienda hakosi, asipoenda hakosi. Anayetafsiri "si lazima" kwa "must not" amegeuza ruhusa kuwa katazo. Wamarekani hutumia "must not be" hata kwa makisio, kama "he must not be at home", na hapo tena ni mazingira na kirai vinavyomwokoa msikilizaji.

Haya si mambo ya mtihani tu. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vijana wetu wanakutana na mikataba, maagizo ya kazi na fomu zilizoandikwa kwa Kiingereza. Katika karatasi hizo, kuchanganya "by" na "until", au "must not" na "need not", kunaweza kumkosesha mtu malipo au kazi.

Kwa walimu wenzangu ombi ni moja. Futeni orodha ya neno na tafsiri yake. Andikeni ubaoni sentensi nzima yenye kitenzi kisaidizi, kitenzi kikuu, kirai cha mahali na kirai cha wakati, kisha mbadilishe kipande kimoja kwa mara moja na kuwauliza wanafunzi: huyu anaagiza, anaruhusu au anakisia? Waacheni wajibu kwanza kwa Kiswahili chao cha nyumbani, kwa "ku" yao na "inakuwaka" yao, kwa sababu tofauti hizi zote tayari wanazijua. Kazi yenu ni kuwaonyesha Kiingereza kimeziweka wapi.