Mdadisi Mbele ya Baraza: Karama, Utubusara na Kazimoto

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha Kusadikika, kitabu cha marehemu Shaaban Robert, katika darasa la wanafunzi ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili, na kwa baadhi yao ni ya tatu. Tulikuwa tumefika mwisho: Karama ameachiliwa, wafungwa wametolewa gerezani, nami naandika ubaoni orodha ya mafunzo kama ilivyo desturi yetu. Haki hushinda, subira ina malipo, kiburi huanguka. Hapo mwanafunzi mmoja wa safu ya nyuma akasimama akauliza: "Mwalimu, wajumbe sita walifungwa mmoja baada ya mwingine. Watu wa Kusadikika walikuwa wapi siku zote hizo?" Darasa likacheka. Kijana huyo alikwisha pewa jina la utani kwa ajili ya maswali yake, na wenzake walimwona kama mtu aliyepungukiwa kidogo. Nami, niseme kweli, nilimwambia aketi, maana swali lake halikuwamo katika somo la siku ile. Aliketi, na muhula ule hakuuliza tena.

Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa. Nakusudia kuwatazama wadadisi watatu wa riwaya ya Kiswahili, wote wakiwa watu walioonekana wa ajabu katika jamii zao kwa sababu ya kuuliza, na kupima jinsi waandishi wawili wakubwa walivyowatendea.

Kwanza yafaa tuisikilize lugha yenyewe, kwa kuwa mwanafunzi huisikia kabla ya kukifungua kitabu. Kiswahili kina maneno mengi ya kumwita mtu apendaye kujua, na mengi yao yana uchungu ndani yake. Mdadisi hutazamwa kwa shaka; mpekuzi afanana na mwizi; mdaku ni mchukua habari za watu. Neno mjuvi latokana na kujua, lakini tukimwita mtoto mjuvi twamaanisha kwamba hana adabu, na mjuaji ni yule anayejifanya kujua. Hata mwerevu, ambaye ni mtu wa akili, hukaa jirani sana na mjanja. Methali nazo zavutana. Twaambiwa kuuliza si ujinga, kisha twaonywa kwamba ukimchunguza sana bata hutamla. Mwanafunzi asikiaye methali hizi mbili kwa siku moja ana haki ya kujiuliza ipi ni ya kufuatwa darasani na ipi ni ya kuandikwa katika mtihani tu.

Sasa tumwangalie Karama. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na wahakiki wengi wamekisoma kitabu hicho kama fumbo juu ya utawala wa kigeni. Usomaji huo una nguvu, lakini tukiushika peke yake twapoteza jambo jingine. Nchi ile imepewa jina litokanalo na kusadiki. Ni nchi inayodai kusadikiwa, na katika nchi ya namna hiyo mtu aulizaye amekwisha kuwa mhalifu kabla hajatenda neno. Kosa la Karama ni kufundisha elimu ya sheria. Waziri Majivuno amshitaki kana kwamba ameleta tauni, kwa kuwa elimu ya sheria humpa mtu wa kawaida uwezo wa kuuliza kwa nini amefungwa.

Namna Karama anavyojitetea ndiyo hazina ya kitabu. Hajisifu wala hamtukani Majivuno. Anazisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, ambao waliporudi na habari za mambo mema waliyoyaona walilipwa kifungo. Kila hadithi ni swali lililovikwa nguo ya simulizi. Mambo haya yako kwingine. Kwa nini yasiwe kwetu? Watawala wa Kusadikika wangeweza kustahimili elimu ya mambo ya mbali. Wasichoweza kustahimili ni kulinganisha. Tena Karama hasimami peke yake, kwani nyuma yake wako sita waliomtangulia, na hoja yake ina uzito wa miaka yao gerezani.

Lakini hapa ndipo kijana wa safu ya nyuma aliponishinda. Watu wa Kusadikika hatuwaoni. Tunaona mfalme, waziri, madiwani na mshitakiwa, na umma unabaki nje ya mlango. Zaidi ya hayo, majina yamekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu. Mtu aitwaye Majivuno hawezi kuwa na haki, na aitwaye Karama hawezi kuwa na hatia, hata msomaji hana kazi ya kupima. Mwisho unakuja kama mvua iliyotabiriwa. Hii ni fani ya hadithi ya maadili, na simlaumu mwandishi kwa kuichagua. Nasema tu kwamba fani hiyo yaweza kumdanganya kijana adhani kuwa mdadisi akisema vizuri atasikilizwa siku zote.

Kufikirika, iliyochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa mwandishi, ina uchungu zaidi, nami nashangaa kwamba hufundishwa kwa haraka kuliko ndugu yake. Jina la nchi hii latokana na kufikiri, na bado ni nchi ambayo kufikiri kuna hatari. Mwana wa mfalme aliyepatikana kwa taabu kubwa anapewa mwalimu, na mwalimu huyo anashauri kwamba michezo nayo iwe sehemu ya mafunzo. Kwa ushauri huo anafukuzwa kazi. Hakuiba wala hakuasi; aliuliza kama mtoto hujifunza kwa kitabu peke yake. Baadaye, mwana wa mfalme anapougua, inadaiwa kafara ya watu wawili, mmoja mjinga na mmoja mwerevu, na mwerevu akamatwaye ni Utubusara Ujingahasara, ambaye ni mwalimu yule yule.

Waalimu wenzangu, hapana kejeli kali kuliko hii katika maandiko ya Shaaban Robert. Dola iliyomwona mtu huyu kuwa wa ajabu mno kumfundisha mtoto inamwona kuwa na akili ya kutosha kuchinjwa kwa ajili ya mtoto huyo huyo. Akili yake ilikataliwa ilipokuwa hai, ikatafutwa ilipotakiwa damu yake. Utubusara anaokoka kwa hoja, kama Karama. Na hapa pia mwandishi anawapa watawala masikio. Huo ndio wema wa Shaaban Robert na ndio udhaifu wake. Aliamini kwamba baraza likiambiwa kweli kwa adabu litageuka.

Miaka ishirini na mitatu baada ya Kusadikika, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichwamaji. Hapa hatumo tena katika nchi iliyo hewani. Tumo Tanzania, kwao mwandishi upande wa Ziwa, na msimulizi ni Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliyerudi nyumbani likizo. Majina hayatuambii nani ana haki. Mwanzoni tu twamkuta akisubiri mlangoni mwa ofisi ya Manase, rafiki yake wa utotoni aliyekwisha kuwa mkubwa wa wilaya, na kusubiri huko kwatuonyesha mengi: hapa hapana baraza la kusikiliza kesi ya mdadisi, pana mlango tu. Kazimoto anauliza juu ya Mungu, juu ya maana ya kuishi, juu ya elimu na faida yake, juu ya wazee na desturi zao. Watu wa kwao hawamfungi. Wanamshangaa, na mshangao huo wamtenga zaidi ya gereza. Mwishoni, baada ya mtoto wake kuzaliwa na kichwa kikubwa na kufa, anajiua.

Mwaka hata mwaka nimesoma insha za wanafunzi zisemazo kwamba Kazimoto aliharibiwa na elimu ya kigeni. Kwamba aliuliza mno, na maswali yakamla. Swali la mtihani huwa limekwisha kubeba jibu hilo mgongoni: "Elimu ilimpotosha Kazimoto. Jadili." Mimi siridhiki nalo, na sababu zangu zimo katika kitabu chenyewe.

Kwanza yuko Manase. Yeye naye amesoma. Hasumbuliwi na swali lolote juu ya Mungu wala juu ya maana ya maisha. Ana cheo, na cheo kinamtosha. Naye ndiye aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na kuiletea nyumba ile msiba. Ikiwa elimu ndiyo sumu, mbona aliyeidhuru jamii kwanza ni msomi asiyeuliza? Pili, ugonjwa uliomharibu mtoto asili yake imo katika mwenendo wa baba alipokuwa kijana. Haukutoka katika fikira zake. Mwandishi ameyaweka mambo haya wazi, na sisi twayapita kwa kuwa ni rahisi zaidi kulaumu vitabu kuliko kulaumu tabia.

Hata hivyo sitaki kumfanya Kazimoto kuwa shahidi mtakatifu. Udadisi wake una kasoro, na kasoro hiyo ndiyo msiba wa riwaya. Anamwendea Sabina, dada yake Manase, akiwa na kisasi moyoni, na katika jambo hilo hajiulizi swali hata moja la maana mpaka maji yamekwisha kumwagika. Anawahoji Mungu, wazee na wasomi, naye mwenyewe hajihoji kwa ukali ule ule. Tena huuliza pasipo kungoja kujibiwa. Karama alikuwa na maswali machache, akayashughulikia siku baada ya siku mbele ya watu; Kazimoto ana maswali mia, na yote yamo kichwani mwake. Swali lisilo na mtu wa kulipokea hugeuka likamrudia mwenyewe. Jina la kitabu limelenga hapo: kichwa kilichojaa, kisicho na mfereji wa kutolea.

Tukiwaweka watatu hawa pamoja twaona kwamba tofauti yao kubwa haiko katika akili. Iko katika kuwapo au kutokuwapo kwa wasikilizaji. Shaaban Robert alimpa mdadisi wake baraza lililo jepesi mno kugeuka. Kezilahabi alimnyima wake baraza kabisa. Mmoja anatufariji kupita kiasi na mwingine anatutisha, na ukweli wa maisha ya wanafunzi wetu umo katikati, mahali ambapo riwaya hizi hazikufika: kijana aulizaye mbele ya watu wa kawaida, wasio Majivuno wala malaika, ambao wangeweza kumjibu ikiwa wangetaka.

Kezilahabi mwenyewe aliyaonja haya. Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, kwa kuwa iliuliza waziwazi jinsi wasichana wanavyolelewa na kinachowapata wakitoka mikononi mwa baba mkali. Na alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, ulizuka ubishi mrefu kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, wengine wakikana kabisa kwamba hayo ni mashairi. Leo, baada ya kifo chake Januari 2020, vitabu hivyo vyasomwa kama nguzo za fasihi yetu. Yaliyompata Utubusara yamempata na mwandishi: kwanza huitwa wa ajabu, kisha hutafutwa kama mwenye hekima. Afadhali kwake haikuhitajika kafara.

Je, sisi waalimu tumo upande gani katika hadithi hii? Tufundishapo Kusadikika hujiweka upande wa Karama bila kusita, na hilo halitugharimu kitu. Lakini darasani sisi ndio wenye kiti. Sisi ndio tunaoamua nani aseme na nani aketi. Mwalimu anayeandika ubaoni kwamba haki hushinda, huku akimnyamazisha anayeuliza haki ilikuwa wapi siku zote, amekwisha kukaa kitini pa Majivuno, ingawa mkononi ameshika chaki.

Sisemi kwamba kila swali ni jema. Yako maswali ya kuchezea wakati, na yako ya kuonyesha ujuzi, na mwalimu mzoefu huyatambua. Lakini mdadisi wa kweli hujulikana kwa alama moja: swali lake lakirudia kitabu na kukifungua mahali tulipokuwa tumekifunga. Swali la kijana yule lilifanya hivyo. Lilinionyesha umma uliokosekana katika Kusadikika, jambo ambalo nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kuliona.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili, wala si makubwa. Riwaya hizi tatu zisomwe pamoja, ili ushindi wa Karama upimwe kwa kushindwa kwa Kazimoto. Na kabla ya mwalimu kuandika mafunzo ubaoni, kila mwanafunzi aandike swali moja ambalo kitabu hakikulijibu, kisha darasa lote lijadili machache kati yake. Huenda wakacheka. Wacheke pamoja na mwuliza swali, naye asibaki akichekwa peke yake.

Na kwa kijana wa safu ya nyuma, ambaye sasa ni mtu mzima: watu wa Kusadikika, nadhani, walikuwa wameketi kimya kama tulivyoketi sisi siku ile, kila mmoja akingoja mwingine aulize. Nawe ulisimama. Ilinipasa kulisema hilo wakati ule ule, mbele ya wenzako.