Pembe Nne Mahali Pamoja

Bawa limelazwa peke yake juu ya kipande cha kioo. Urefu wake ni milimita 190, kwa sababu bawa la juu la Hawker Fury halisi lilikuwa na mita 9.14, na fundi anaunda ndege yake kwa kipimo cha 1/48. Kiwiliwili cha ndege kiko kando, kimeshikiliwa na kibanio, bawa la chini likiwa limeshagandishwa. Nguzo za kubebea bawa la juu bado zimo kwenye kopo. Ndege nyingi za kivita za zama za Fury zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na anayeunda modeli zake hujua kwamba yakishaunganishwa mkono haupenyi tena kati yake. Kila kinachohitaji rangi hupakwa kikiwa bado kipande.

Kinachopakwa hapa ni drafti nyeusi na nyeupe ya Kikosi Nambari 43 cha Jeshi la Anga la Uingereza. Kati ya vita vikuu viwili vya dunia, vikosi vya ndege za kivita vya nchi hiyo vilijipambia rangi zao: cha 56 kilikuwa na miraba myekundu na myeupe, cha 19 ya bluu na myeupe, cha 43 myeusi na myeupe. Ndege zenyewe zilikuwa za rangi ya alumini, na juu ya mng'ao ule miraba ilionekana kutoka mbali. Mwezi Mei 1931, kwenye kituo cha Tangmere kusini mwa Uingereza, kikosi hiki kilitangulia vingine vyote kupokea Fury. Aliyeibuni ni Sydney Camm, injini yake ilikuwa Kestrel ya Rolls-Royce, na ndiyo ndege ya kivita ya kwanza katika jeshi hilo kuvuka maili 200 kwa saa, yaani kama kilomita 322, ikiruka usawa. Mwaka 1938 vita vilipokaribia, mapambo hayo yalifunikwa kwa kijani na kahawia.

Picha kadhaa za wakati huo ziko mezani. Fundi hazitazami kwa ajili ya uzuri, anazitumia kupimia. Fury ilivishwa kitambaa juu ya mifupa ya chuma, na mbavu za bawa zilijichora chini ya kitambaa kile kwa mistari myembamba. Mbavu hizo zimechongwa pia kwenye plastiki ya modeli. Anatazama kwenye picha mraba mmoja unaanzia ubavu upi na kuishia upi, kisha anahamishia kipimo kwenye bawa lake. Amefika kwenye milimita 5 kwa kila mraba.

Visanduku vingi vya modeli huja na drafti iliyokwisha kuchapwa, picha nyembamba ya kulowekwa majini na kutelezeshwa mahali pake. Ni njia halali, na wengi huitumia vizuri. Lakini picha bapa hukataa kukunjika kwenye ukingo wa mbele wa bawa, na nyeupe yake mara nyingi ni nyepesi hivi kwamba rangi ya chini huchungulia. Rangi iliyopulizwa hukaa juu ya kila ubavu na ndani ya kila bonde. Baada ya kuona zote mbili, mimi niko upande wa rangi.

Kazi inaanza kwa sabuni. Plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta kidogo yaliyosaidia kuitoa kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Bawa linaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, linasuuzwa, linaachwa likauke lenyewe bila kufutwa, maana kitambaa huacha nyuzi. Mshono wa ukingo wa mbele ulishajazwa na kupigwa msasa wa maji, namba 1000 kisha laini zaidi, mpaka kucha ikipita haikwami. Linafuata koti jembamba la praima ya kijivu, ile rangi ya msingi. Praima haifichi kitu. Fundi analigeuzageuza bawa chini ya taa akitafuta mikwaruzo, anaupata mmoja karibu na ncha, anarudi kwenye msasa.

Halafu nyeupe. Inatangulia kwa sababu nyeusi hufunika nyeupe kwa makoti machache mepesi, ilhali nyeupe juu ya nyeusi hutaka makoti mengi, na rangi nene ingezika zile mbavu. Anaichanganya na thina hadi iwe nyepesi kama maziwa, anaitia kwenye kikombe cha brashi ya hewa, kile kifaa kidogo cha kupulizia kinachoshikwa kama kalamu, na anafungua kompresa kwa shinikizo dogo la kama bar moja. Koti la kwanza ni ukungu tu, kijivu bado kinaonekana. Anasubiri. La pili, la tatu. Hapa ndipo wenye haraka hujaza rangi mpaka ikachuruzika na kujikusanya kwenye mabonde. Yeye anaacha weupe uje wenyewe, na ukishakamilika analifunika bawa kwa boksi dhidi ya vumbi na kuliacha hadi kesho yake. Rangi inayoonekana kavu kwa kidole inaweza kuwa bado laini ndani, na tepu itakayobandikwa juu yake huondoka nayo.

Sasa tepu. Ni ya karatasi nyembamba ya manjano, ya Tamiya, kampuni ya Japani ambayo waundaji wa modeli duniani kote wanaijua. Inashika vya kutosha na kuachia bila ugomvi. Anabandika urefu wa kiganja juu ya kioo na jambo la kwanza analofanya ni kukata kingo zake mbili na kuzitupa. Ukingo wa kiwandani umesafiri, umeguswa, umeokota vumbi, na ukingo wenye vumbi huacha mstari wenye meno. Anaweka wembe mpya kwenye kisu, rula ya chuma inakaa juu ya tepu, na kisu kinapita mara moja kikiwa kimesimama wima. Kupita mara mbili kungetoa kingo mbili. Vinapatikana vipande virefu vya upana wa milimita 5. Anavikata tena kwa kukingama, na kioo kinajaa miraba midogo ya manjano. Kila mmoja anaupima kwa kuulinganisha na wa jirani. Usiolingana anaubandua na kuutupa bila kuujadili.

Mbona asifunike bawa lote kwa tepu na kukata miraba palepale, amalize mapema? Nilimuuliza hivyo. Jibu lake lilikuwa kipande cha bawa la zamani alilohifadhi kwa mazoezi. Alikiinamisha kwenye mwanga, nami nikaona mistari mirefu iliyochimbwa na wembe kwenye plastiki, inayoonekana hata chini ya makoti ya rangi. Kitambaa cha ndege hakina mifereji ya namna hiyo. Kisu, kwake, hukata juu ya kioo tu.

Anaanzia katikati ya bawa. Kosa la sehemu ya tano ya milimita halionekani kwenye mraba mmoja, lakini likijirudia upande uleule kwenye miraba 20 linafika milimita 4, karibu mraba mzima. Akianzia katikati na kwenda nje, kulia na kushoto kwa zamu, kosa lolote linagawanyika na ncha mbili zinabaki sawa. Hachori kwa penseli pia, kwa sababu risasi yake huchafua nyeupe na haitoki kirahisi. Mstari wake wa kuongozea ni tepu moja ndefu iliyonyooshwa kutoka mahali patakapokaa duara moja la taifa, ile alama ya nchi yenye ndege, hadi mahali pa duara la pili. Ameinamisha kichwa hadi jicho liko usawa wa meza kuhakikisha haina tumbo.

Mraba wa kwanza unachukuliwa kwa ncha ya kisu, unatua ukigusa tepu ya kuongozea, unasukumwa kidogo kwa kibano, na ndipo unapokandamizwa. Wa pili unakaa ubavuni mwake, ukingo kwa ukingo. Wa tatu. Nilitarajia aruke nafasi moja moja, kwa kuwa miraba inayohitaji kufunikwa ni nusu tu. Yeye anaiweka yote. Safu nzima inajaa, kisha safu ya pili chini yake, hadi sehemu yote ya drafti iko chini ya manjano na hakuna cheupe kinachoonekana isipokuwa nywele za mwanga kati ya vipande.

Sababu yake ni pembe. Ndani ya drafti, kila makutano yana pembe nne: mbili nyeupe, mbili nyeusi, zote zikigusana kwenye nukta moja. Nyeusi zikipishana hata kidogo, kunatokea daraja linaloziunganisha. Zikiachana, nyeupe inapita katikati. Jicho husamehe ukingo mrefu ulioyumba kidogo, ila pembe haina msamaha, maana jicho huenda huko lenyewe na drafti ni mamia ya makutano ya namna hiyo. Mraba uliowekwa peke yake hauna wa kuuegemea. Uliozungukwa na wenzake pande zote nne hauna nafasi ya kupotea. Vipande vya muda vinashikilia vile vya kudumu, na kazi yao ni hiyo tu.

Kisha anaondoa nusu. Ncha ya kisu inaingia chini ya kona ya mraba mmoja, inauinua, kibano kinaupokea. Anaruka mmoja, anainua unaofuata. Safu ya pili inaanza kwa kupishana na ya kwanza. Hapa haongei na mtu. Akikosea zamu moja tu, drafti nzima inageuka, na amekwisha kuhesabu mara mbili kwa kidole kabla ya kuinua wa kwanza. Anakipitia kila kipande kilichobaki kwa kijiti cha mbao kilichochongwa butu, akikandamiza kando ya kila ubavu, upande huu na upande ule, kwa kuwa tepu hupenda kujinyoosha juu ya bonde na kuacha upenyo chini yake. Kwenye ukingo wa mbele, bawa linapojikunja, anakandamiza kwa ncha ya kidole na kukaa hapo, akiacha joto la mwili lilainishe gundi.

Bado hapulizi nyeusi. Anapuliza nyeupe tena. Ni koti jepesi juu ya tepu na juu ya nafasi zilizo wazi, rangi ileile iliyo chini. Kama kuna upenyo wowote, nyeupe ndiyo itakayopenya na kuuziba, na nyeupe juu ya nyeupe haionekani. Nyeusi ikija baadaye inakuta mlango umefungwa. Wengine hutumia vanishi isiyo na rangi kwa kazi hiyohiyo. Kati ya maarifa yote ya meza hii, hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi: anaruhusu kosa litokee mapema, kwa rangi ambayo halidhuru.

Nyeusi yenyewe si nyeusi kabisa, ina tone la kijivu. Kitu kidogo kikipakwa weusi kamili huonekana kizito kuliko kitu kikubwa kinachotazamwa kutoka mbali, na modeli hutazamwa kama kitu kilicho mbali. Brashi ya hewa inashikwa wima juu ya bawa. Ikilala, upepo wake husukuma rangi chini ya kingo. Mkono unaanza kusogea kabla rangi haijatoka na unaendelea kusogea baada ya kukatika. Makoti ni mepesi, matatu au manne, kwa sababu rangi nene hujenga ukuta kando ya tepu, na tepu ikitoka ukuta hubaki umesimama. Upulizaji wenyewe unachukua dakika chache tu.

Tepu haiachwi ikauke na rangi. Nyeusi ikishaacha kunata, anaanza kubandua. Kila mraba unainuliwa kwenye kona na kuvutwa ukijikunja juu ya mgongo wake, karibu ulale kabisa, polepole. Ukivutwa kwenda juu unaweza kung'oa ukingo. Nyeupe inatokea mraba baada ya mraba, na rundo dogo la vipande vya manjano vyenye migongo myeusi linakua kwenye kisahani. Jioni nzima ya kukata na kupanga inaishia kwenye kisahani hicho.

Anavaa miwani ya kukuzia na kupitia makutano yote. Mahali pawili nyeusi imevuka kwa upana wa unywele. Kijiti cha mbao kilicholowekwa kwenye thina na kukamuliwa kinaisugua mpaka iondoke. Mahali pengine pembe mbili zimeachana, na ncha ya brashi yenye nywele chache inaweka nukta moja. Kuna makutano mamoja karibu na ukingo wa nyuma ambayo anayatazama kwa muda mrefu kuliko mengine. Anayaacha. Yakiguswa tena, anasema, rangi itakuwa nene mahali hapo, na unene unaonekana zaidi kuliko kasoro yenyewe.

Kiwiliwili kinafuata njia hiyohiyo. Hapo kazi ngumu ni kuzifanya safu za ubavu wa kushoto zilingane na za kulia ilhali macho hayawezi kuona pande zote mbili kwa pamoja. Anapima kutoka mahali pamoja penye alama, ukingo wa chumba cha rubani, akienda nyuma kwa kila upande. Drafti ikishakauka, inafunikwa yote kwa tepu, na alumini inapulizwa kuizunguka. Ingetangulia alumini, chembe zake zingetia kijivu ndani ya nyeupe, na rangi za metali hushika vibaya zaidi chini ya tepu.

Baada ya alumini kuna maduara ya taifa na namba za ndege, kisha nguzo, kisha waya za kukazia mabawa, nazo zina ustadi wake. Fundi ameshageuza ukurasa wa maelekezo. Bawa limerudi chini ya boksi, na kwenye kioo anabandika tepu mpya, anakata kingo zake mbili na kuzitupa.