Sifa za Uso wa Udi

Chukua uzi mmoja wa udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, uubane kati ya misumari miwili kwenye ukuta wa zege, uukaze barabara, kisha uupige. Utapata kijisauti ambacho aliye upande wa pili wa chumba hakisikii. Nguvu uzi unayo; ulichokosa ni upana. Kila unapoisukuma hewa ya mbele, hewa hiyo huuzunguka na kuziba pengo lililobaki nyuma yake, ikawa haikufika popote. Uzi huohuo, ukifungwa kwenye udi, sebule nzima itausikia. Tofauti hiyo yote ni kazi ya fundi.

Wapigaji na waimbaji tunawasifu, na wanastahili. Tunakumbuka kwamba klabu ya taarab ya Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905, na kwamba mwimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Aliyelikwangua tumbo la ala mpaka likakubali kusema, huyo hatajwi.

Tazama kazi aliyokabidhiwa. Uso wa udi ni mbao laini ya miti ya jamii ya msonobari, unene wake milimita mbili au pungufu. Juu yake limegandishwa daraja, na kwenye daraja zimefungwa nyuzi ambazo kwa kawaida ni 11, zikivuta kwa pamoja uzito unaozidi kilo 30. Ubao mzito ungestahimili mvuto huo bila taabu, lakini ungekuwa bubu. Basi fundi huuacha uwe mwembamba, halafu kwa ndani hugandisha mataruma, vijiti vinavyokatiza mishipa ya mbao, na kuvipunguza kwa patasi kidogo kidogo huku akigonga uso kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

Anasikiliza nini? Kila ubao una sauti zake unazozipenda. Mjerumani Ernst Chladni alilionyesha hilo mwaka 1787: alinyunyiza mchanga juu ya bamba, akalitetemesha kwa upinde wa fidla, na mchanga ukakimbilia kwenye mistari isiyotikisika, ukachora umbo jipya kwa kila sauti. Hewa iliyomo tumboni nayo ina sauti yake. Weka mdomo karibu na tundu la udi, uvumishe sauti ukishuka taratibu. Utafika mahali ambapo ala nzima inakutetemekea mikononi. Hapo umeigusa sauti ya hewa hiyo.

Lakini kuitikia huku hakuzai nguvu mpya, na hapa ndipo ninapomvulia kofia fundi. Nguvu yote imetoka kwenye pigo moja la risha, kijiti cha kupigia nyuzi. Uso unaoitikia upesi huunyonya uzi: sauti inatoka kubwa, inakufa papo hapo. Uso mgumu huurudishia uzi mtetemo wake: sauti inadumu, ila ni nyembamba. Kila anapopitisha patasi, fundi anaamua pigo litagawanywaje kati ya ukubwa na urefu. Kwangu mimi udi bora si ule unaopiga kelele kuliko wenzake. Mwimbaji wa taarab huvuta irabu, na ala inayozimika kabla hajamaliza pumzi inamwacha peke yake.

Kuna ugumu mwingine ambao mtengenezaji wa gitaa hakabiliwi nao kwa kiasi hiki. Shingo ya udi haina vikato vya kugawa sauti kama vya gitaa. Kidole kinaweza kukanyaga popote, na makamu, yaani mifumo ya sauti ya muziki wa Kiarabu, zina sauti zinazoangukia katikati ya vibonye vya piano. Uso ukiipenda mno sauti moja, hiyo itaruka juu na kufa, na jirani zake zitasinyaa. Fundi hawezi kujua ni ipi itakayoombwa kesho, kwa hiyo inambidi aziandalie zote.

Halafu masika yanaingia. Mbao hunywa unyevu na kutanuka kwa upana, si kwa urefu; uso unafura, nyuzi zinainuka kutoka shingoni, na udi uliokuwa mwepesi wa kuitikia unakuwa mzito. Ndiyo maana mafundi wengi wameshikilia gundi ya ngozi za wanyama ingawa zipo gundi kali kuliko hiyo. Joto na unyevu huilegeza, na fundi mwingine, hata baada ya miaka mingi, anaweza kuung'oa uso bila kuupasua, apunguze taruma lililozidi, aurudishe, afunge nyuzi na kugonga tena.