Apolo Kaggwa na Wafalme wake wa Buganda

Akitajwa kiongozi wa siasa aliyeandika historia ili kuwaonyesha watu wake wao ni nani, wanafunzi wengi humkumbuka Jawaharlal Nehru, aliyeandika juu ya India akiwa mfungwa katika ngome ya Ahmednagar mwaka 1944. Hapa Kampala tunaye aliyemtangulia. Apolo Kaggwa, Katikiro (yaani waziri mkuu) wa Buganda, alitoa Ekitabo kya Basekabaka be Buganda mwaka 1901. Tofauti yao si ndogo. Nehru aliandika kifungoni; Kaggwa aliandika akiwa madarakani, mmoja wa walezi watatu wa Kabaka mtoto, Daudi Chwa, mwaka mmoja tu baada ya kutiwa saini Mkataba wa 1900.

Jambo hilo tusilisahau tunapomsoma. Sura za kale, tangu Kintu, ni hazina, kwani alikusanya masimulizi ya wazee ambao leo hatuwezi kuwauliza. Lakini akifika vita vya dini vya 1888 hadi 1892 anakuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe, maana alikuwa kiongozi wa Waprotestanti walioshinda. Ukitaka kuwasikia Waislamu na Wakatoliki wakijieleza, watafute kwingine.

Linalotugusa zaidi sisi walimu wa Kiswahili ni jingine. Kaggwa hakani kuja kwa wafanyabiashara wa pwani zama za Ssuna II, wala Mutesa I kusoma Uislamu. Ila Kiswahili chenyewe hakipewi uzito wake. Hii ndiyo lugha aliyoitumia Mutesa kuzungumza na wageni, Stanley akiwemo mwaka 1875, na ndiyo waliyosomea wanafunzi wa kwanza wa mmisionari Mackay kabla Injili hazijachapishwa kwa Kiganda. Msomaji anafunga kitabu akidhani ilipita barazani kwa Kabaka kama mpita njia.

Mwaka 1929 Daudi Chwa, yule mtoto aliyelelewa na Katikiro, alipinga kwa maandishi Kiswahili kufanywa lugha rasmi katika Buganda. Hatudai kwamba kitabu hiki ndicho kilichomfundisha. Lakini hoja ya ugeni wa Kiswahili ingali inasikika Uganda hata baada ya marekebisho ya katiba ya 2005 kukitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na jibu lake moja limeandikwa juu ya jalada la Kaggwa! Ekitabo ni kitabu, neno lililopanda kutoka pwani pamoja na ekkalaamu, emmeeza na essaawa.

Asiyejua Kiganda atumie tafsiri ya Kiingereza ya Semakula Kiwanuka (Nairobi, 1971), ambayo maelezo yake yanamsahihisha Kaggwa mahali pengi. Anayekijua aanze na Ssuna na Mutesa, kalamu mkononi, aorodheshe kila neno la pwani atakalokutana nalo.